Kilo 18 za Majani Chai

Katika kituo cha majani chai upande wa Runyenjes, Embu, mchumaji anashusha kikapu. Karani anatundika mfuko kwenye mizani ya kielektroniki, anaingiza namba ya mkulima, na kimashine kinatoa risiti: kilo 18. Mhadhara huu unaifuata hiyo 18 hadi inakolala.

Zamani ililala daftarini, ubavuni mwa jina la mkulima lililoandikwa upya kila mara. Kwa Wameru, majirani wa Embu, hilo lilikuwa na hatari yake. Leo karani anaandika M'Ikiara, kesho Mikiara, keshokutwa Ikiara. Mwezi ukiisha, mzee mmoja amekuwa watu watatu, na kila mmoja ana kilo pungufu.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyozaa hifadhidata ya majedwali yanayohusiana. Tuseme jedwali la wakulima lina namba, jina na akaunti ya benki. Jedwali la mapokezi lina namba ya mkulima, kituo, tarehe na kilo, basi. Jina la mzee limeandikwa pahali pamoja tu. Likisahihishwa hapo, limesahihika kote. Huu ndio uzuri wa kazi ya Codd, na baada ya miaka zaidi ya 50 bado haujapungua.

Maswali huulizwa kwa SQL, lugha iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM. Muulizaji hutaja anachotaka: jumla ya kilo za mkulima fulani, mwezi wa Oktoba. Hasemi zitafutwe wapi. Njia huchaguliwa na programu yenyewe, na hapo ndipo penye ufundi.

Kwenye diski, mistari ya jedwali hupangwa katika kurasa. PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, kwa kawaida hutumia kurasa za kilobaiti 8. Kuzipekua zote kwa ajili ya mkulima mmoja ni sawa na kuzunguka mashamba yote ya Imenti, Meru, kumtafuta mtu mmoja. Kwa hiyo huwekwa faharasa yenye umbo la mti. Kila njia panda ikiwa na matawi 200, hatua tatu zinatosha kuufikia mstari mmoja kati ya milioni 8. Lakini bonasi ya mwaka ikipigiwa hesabu kwa wakulima wote, faharasa hiyo haisaidii. Ni afadhali jedwali lisomwe lote, mwanzo hadi mwisho. Programu hukadiria gharama ya kila njia kabla ya kuanza, mbinu ambayo Patricia Selinger na wenzake waliieleza mwaka 1979.

Na stima ikipotea wakati deni la mbolea linakatwa? Mabadiliko huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu maalumu. Stima ikirudi, ama malipo na makato yote yamo, ama hakuna hata kimoja.

Kuna jambo moja hifadhidata haiwezi. Mfuko ukiwa na kilo 20 na mizani ikasema 18, hifadhidata itaitunza 18 kwa uaminifu miaka yote. Ndiyo maana wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Embu, na wenzao wa chuo kikuu kilichoko Nchiru kule Meru, wanapaswa kuanzia kituoni, penye mizani, kabla hawajachora jedwali lolote. Naye mkulima aisome risiti yake karani angali mbele yake.