Bata wa Mti



Huko Marekani wako wawindaji ambao hawamfuati ndege. Wao humngoja awajie. Huchonga bata wa mti, wakawapaka rangi za bata wa kweli, wakawafunga kamba yenye kizito wasichukuliwe na maji. Kabla hakujapambazuka huwapanga majini, wakiacha nafasi wazi katikati, kisha hujificha katika matete, upepo ukiwapiga mgongoni. Kwa maana bata hutua akiuelekea upepo, naye hupenda kutua palipo na wenziwe.

Kazi hii ni ya kale. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada, wachimbaji walikuta bata 11 waliotengenezwa kwa mafunjo, wengine wamepakwa rangi na kutiwa manyoya. Wataalamu waliwapima wakaona umri wao ni miaka 2,000 hivi.

Liko jambo ambalo humshangaza hata mwindaji mzoefu. Anatazama mbali angani, na mara asikia mvumo wa mabawa. Kabla hajageuka, bata mwitu yuko majini, hatua chache mbele yake, kati ya wale wa mti! Ndege huyu macho yake yako kando ya kichwa, huona karibu pande zote kwa mara moja, na uso wa mtu ukitikisika tu matetini hukimbia. Sasa yu karibu hata matone ya maji yaonekana mgongoni mwake. Aogelea kwa huyu, aogelea kwa yule. Hakuna ageukaye. Hakuna alaye. Hakuna amjibuye. Ndipo ashtuka, aruka wima, aenda zake.

Ni nini kilichomleta karibu hivyo? Si nafaka, maana hakuna aliyemwagiwa. Alitafuta wenzake.

Ndugu, hatusemi haya ili kuwahukumu wawindaji. Twajiuliza juu yetu sisi tukaao katika viti vya kanisa. Kijana amekuja mjini kutafuta kazi, hana ndugu. Mama amefiwa na mumewe, nyumba imekuwa kimya. Jumapili asubuhi wanatuona kwa mbali: mavazi yetu safi, kwaya imepangwa vizuri, akina mama na vitambaa vyao. Wanaingia, wanaketi katikati yetu, karibu hata bega lagusa bega. Ibada yaisha. Hakuna ageukaye, hakuna aulizaye jina. Wakiisha kuondoka na kutorudi, sisi twasema, "Siku hizi watu hawampendi Mungu."

Zamani wawindaji wengine waliwafunga bata hai, wa kufugwa, kati ya wale wa mti. Sauti yao iliwavuta ndege mno. Bata mwitu walipokuwa wamepungua, serikali ya Marekani ilikataza jambo hilo mwaka 1935. Rangi nzuri humvuta mgeni, lakini sauti iliyo hai humvuta zaidi.

Someni Warumi sura ya 12, kuanzia mstari wa 9. Mtume Paulo ataka upendo wetu uwe wa kweli, wala hakawii kutaja kuwakaribisha wageni. Mambo hayo mawili kwake yaenda pamoja.

Basi Jumapili ijayo, kabla hatujatoka mlangoni, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja asiyemjua. Tumuulize jina lake na atokako. Tumuulize kama ana mahali pa kula mchana. Tusingoje mzee wa kanisa atutangulie.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyewaita watu kwa majina yao, utuondolee ukimya wa mti. Yule umletaye karibu nasi, asiondoke pasipo kuitwa ndugu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.