Kuku wa Mwalimu Mgeni



Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Maana yake ni nyepesi. Kuku mweupe hafichiki. Akidonoa mahindi ya jirani, kila mtu amemwona. Mgeni naye ndivyo alivyo. Akichelewa kuamka, kijiji kizima kinajua. Akinunua nusu kilo ya nyama, kijiji kinajua. Lakini kuna mambo mawili ya mgeni huyu ambayo kijiji hicho hicho hakiyaoni upesi, nayo ni njaa yake na upweke wake. Leo napenda tumzungumzie mgeni wa aina moja, yaani mwalimu aliyetoka nchi nyingine kuja kutufundishia watoto, na namna tunavyomshukuru.

Nitaanzia Itiryo. Kwa ninyi wa mjini ambao hamjafika huko, Itiryo ni kata katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, katika nchi ya Wakuria, si mbali na mpaka wa Kenya. Wenyeji wa huko wanalima mahindi, wimbi, ndizi na kahawa, na ng'ombe ndiye heshima ya mji wa mtu. Mpaka wenyewe una historia yake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi hizi kwa mstari uliotoka pwani hadi Ziwa Victoria, na mstari ule ukawakata Wakuria vipande viwili bila ya kuwauliza.

Kwa sababu hiyo, huko Itiryo neno "mwalimu mgeni" lina utata wake. Mwalimu Mkuria akitoka Kehancha, upande wa Kenya, anaamkiana na bibi kizee kwa Kikuria na wanaelewana mpaka kwenye utani. Lakini kwa sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, huyo ni mgeni, na hafundishi bila kibali. Mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka Songea hahitaji kibali chochote, ila akisalimiwa na bibi yule anabaki kutabasamu tu. Ni yupi kati yao aliye mgeni zaidi? Serikali ina jibu lake na bibi ana la kwake. Mimi nasema wote wawili wako mbali na kwa mama zao, na hilo ndilo la kuangalia.

Nilipata kuhudhuria hafla ya kumuaga mwalimu mmoja wa hesabu katika sehemu hizo za Tarime. Jina lake sitalitaja, wala la shule. Alikuwa ametoka Kenya, naye hakuwa Mkuria, na alikuwa amefundisha hapo miaka minne. Siku hiyo wazazi hawakufanya mchezo. Mbuzi alichinjwa. Akina mama walimfunika kwa kitenge, wakamletea mkungu wa ndizi, unga wa wimbi na jogoo aliyefungwa miguu. Hotuba zilikuwa nyingi, na kila mzee aliyesimama alimwita mwalimu "mwanetu".

Ikafika zamu ya mwalimu kujibu. Alishukuru kwa adabu zote, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Wazee wangu, mwaka wangu wa kwanza hapa niliugua malaria siku tano peke yangu chumbani. Aliyekuja kunibishia hodi alikuwa mtoto wa darasa la nne, amefuata daftari lake. Aliponiona nilivyo, alikimbia kwao akarudi na kibuyu cha uji. Mbuzi wa leo ni mtamu, lakini uji wa yule mtoto ulikuwa mtamu zaidi."

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mzee mmoja akatikisa kichwa na kusema, "Mwalimu, umetuchapa, na hukukosea."

Ndugu wasikilizaji, sisi ni hodari sana wa kuaga. Mtu akiondoka tunachinja, akifa tunamsifu hadi jeneza linaona haya. Lakini mwalimu aliye mwenyeji, akipungukiwa na chumvi, ana shangazi, ana shemeji, ana duka linalomkopesha kwa kuwa linamjua baba yake. Mwalimu mgeni hana hao. Kwake yeye shukrani ya siku ya kuondoka ni kama mvua baada ya mavuno. Inapendeza macho, lakini haioteshi kitu.

Na tusidhani kwamba walimu wageni ni jambo la juzi. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, ulianzishwa mpango wa Walimu kwa Afrika ya Mashariki chini ya chuo cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Vijana wa Marekani, na Waingereza pia, wakaja kufundisha katika shule zetu za sekondari, kwa kuwa walimu wetu wenyewe walikuwa hawatoshi. Siku hizi na sisi tunapeleka. Watu wetu wanafundisha Kiswahili katika nchi za mbali, na huko wao ndio kuku weupe.

Anayekwenda huko ni lazima ajue desturi za mwenyeji wake. China inawaheshimu walimu kila tarehe 10 Septemba, tangu mwaka 1985. Korea ya Kusini ina siku yake, tarehe 15 Mei, na zamani wanafunzi walikuwa wakiwavika walimu maua. Lakini sheria yao ya kupambana na rushwa iliyoanza kutumika Septemba 2016 imekuwa kali kiasi kwamba mwanafunzi mmoja mmoja haruhusiwi kumpa mwalimu anayemfundisha hata ua moja. Mtu wetu anayefundisha huko akipelekewa zawadi na mwanafunzi, itambidi airudishe. Sasa mlete Mkorea huyo Itiryo, akatae kuku wa mzee mbele za watu. Huko ni kumtukana mzee na mji wake wote.

Wakorea wana sababu zao, na sisi tusiwacheke. Hata kwetu zawadi inaweza kuoza. Kuku anayepelekwa wiki moja kabla ya mtihani, usiku, na mzazi mmoja, kwa ajili ya mtoto mmoja, huyo si kuku wa shukrani. Kuku wa shukrani anakwenda mchana, watu wanamwona, na hana ombi nyuma yake. Wala asitozwe kwa orodha, maana mchango wa lazima ni kodi, na mzazi fukara asione aibu kwa kuwa hana jogoo. Yule mtoto wa darasa la nne alitoa uji tu.

Iko shukrani nyingine ambayo wazazi hawawezi kuitoa, nayo ni haki. Wapo waajiri wanaomleta mwalimu kutoka nchi jirani kwa ahadi tamu, kisha mshahara unachelewa, na kibali kila siku "kinashughulikiwa". Mwalimu wa namna hiyo akisikia gari la Uhamiaji linapita, anaacha chaki na kutokea mlango wa nyuma. Watoto wanamwona. Hata ukimchinjia fahali siku ya kuaga, mtu huyo hujamshukuru. Umemlipa nyama badala ya jasho lake.

Tarehe 5 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Walimu Duniani, nayo imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 1994. Ni siku njema, na tuiadhimishe. Lakini ninyi mnaonisikiliza mijini, ambao watoto wenu wanafundishwa na walimu kutoka Kenya na Uganda, msiisubiri. Je, mnajua mwalimu huyo analala wapi? Sikukuu anakula na nani? Akiugua, nani anabisha hodi?

Wahenga walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu mgeni hatumpi hata hizo siku mbili. Siku anayofika ndiyo siku tunayomkabidhi chaki, ambayo ndiyo jembe lake. Basi anayempa mgeni jembe siku ya kwanza, na ampe na uji siku hiyo hiyo.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.