Mkate wa Njiani

Dominika ya 19 ya Mwaka B
Masomo: 1 Fal 19:4-8, Efe 4:30 – 5:2, Yn 6:41-51



Somo la kwanza la Dominika ya leo latuonyesha nabii Eliya jangwani, amechoka, ameketi chini ya mretemu, akimwomba Mungu auondoe uhai wake. Huyu si mtu haba wa imani. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amesimama peke yake mlimani Karmeli mbele ya manabii wa Baali. Lakini sasa nguvu zimemwishia. Mungu hamkemei, wala hamfutii safari. Anampelekea malaika mwenye mkate na maji, na Eliya analishwa mara mbili kabla ya kuuendea mlima Horebu, mwendo wa siku arobaini.

Leo tungependa kuwasimulieni safari yetu moja. Hatuisimulii kwa kujisifu, maana ndani yake hamna cha kujisifia. Twaisimulia kwa sababu ilitufundisha kulisoma upya somo hili.

Sisi tunaosema nanyi twaishi na ugonjwa wa kisukari, na shinikizo la damu limekuja nyuma yake. Kila siku twajidunga insulini. Mwezi wa Januari 2024 tulikuwa Uswisi, tukisaidia kwa muda katika parokia moja ya mkoa wa Valais. Waamini wa huko, wakati wa majira ya baridi, hupumzika kwa namna ambayo kwetu ingedhaniwa kuwa adhabu: hupanda milima yenye theluji. Wakatualika kwenda nao, nasi tukakubali kwa furaha.

Kati ya Uswisi na Italia pana kipito cha mlimani kiitwacho Grand-Saint-Bernard, chenye kimo cha karibu mita 2,470 juu ya usawa wa bahari. Yapata mwaka 1050, Mtakatifu Bernardo wa Menthon alianzisha hapo nyumba ya kuwapokea wasafiri waliokuwa wakihatarishwa na baridi, na maporomoko ya theluji, na wanyang'anyi. Hadi leo nyumba hiyo hutunzwa na Makanoni wafuatao Kanuni ya Mtakatifu Augustino. Mwaka 1923 Papa Pio XI, ambaye kabla ya kuwa Papa alikuwa mpanda milima hodari, alimtangaza Bernardo kuwa msimamizi wa wapanda milima. Tangu mwaka 1964 magari hupita ndani ya handaki chini ya mlima, kwa kuwa barabara ya juu hufungwa na theluji kwa miezi mingi. Atakaye kufika juu wakati wa baridi hana budi kwenda kwa skii, au kwa viatu vya theluji, ambavyo ni mfano wa ungo mdogo ufungwao chini ya buti ili mguu usizame. Mwendo ni wa kilometa sita hivi, tena ni wa kupanda, na sehemu yake ya juu hupita katika bonde liitwalo Combe des Morts, yaani Bonde la Wafu. Jina hilo halikutolewa bure.

Daktari wetu wa nyumbani, tulipompelekea habari za safari, hakutukataza. Alitueleza kwamba insulini ikiganda hata mara moja huharibika, wala haifai tena hata ikiyeyuka. Kwa hiyo tuibebe ndani ya shati, karibu na mwili. Alituonya kwamba mashine ya kupimia sukari huweza kugoma kwenye baridi kali. Kwamba misuli ifanyapo kazi hutumia sukari ya damu kwa wingi, na huendelea hivyo hata usiku baada ya safari. Na kwamba baridi hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Alitupangia jinsi ya kupunguza kipimo cha insulini siku ile. Kisha akamaliza kwa kusema: "Baba, wale unaokwenda nao wajue habari zako." Maagizo yote tuliyashika, isipokuwa hilo la mwisho.

Asubuhi ya safari tulikuwa watu tisa. Kiongozi wetu, mlei mmoja aliyeizoea milima ile tangu utoto, alimpa kila mmoja kifaa kidogo cha redio cha kuvaa kifuani, ili akifukiwa na theluji apate kutafutwa. Ndipo akauliza kama kuna yeyote mwenye ugonjwa. Mama mmoja akasema ana pumu, akaonyesha dawa yake ya kuvuta. Mwalimu mmoja mstaafu akasema goti lake la kushoto halipendi mteremko. Zamu yetu ilipofika, tulijibu kwamba tu wazima.

Kwa nini tulisema hivyo? Tumejiuliza mara nyingi. Tuliogopa kuachwa nyuma. Tuliona aibu kuwa mgeni, tena Mwafrika pekee katika kundi, na papo hapo kuwa mzigo. Na zaidi ya hayo, tulidhani kwamba padre ni mtu wa kuwatia wengine nguvu, si wa kutangaza udhaifu wake. Uongo huo tuliuvisha kanzu ya utumishi.

Saa ya kwanza ilikwenda vema. Theluji ililia chini ya miguu kama mchanga mkavu, na kimya cha mahali pale kilitufanya tusali bila kupanga kusali. Katika saa ya pili jasho likatutoka, ingawa baridi ilikuwa ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Mikono ikatetemeka. Tukajiambia kuwa ni uchovu, kisha tukajiambia kuwa ni baridi. Kisukari kina hila yake: sukari inaposhuka mno, akili nayo hupungukiwa, na mtu hushindwa kutambua kwamba yuko hatarini. Yule mama mwenye pumu aligeuka akauliza, "Baba, vipi?" Tukamjibu kwa ukali ambao hatujapata kumjibu mtu. Kisha, bila kujua, tukaiacha njia iliyokanyagwa tukaanza kuelekea kwenye mteremko.

Hapo tulikuwa tayari katika lile Bonde la Wafu. Kiongozi alikuwa ameagiza kwamba mle kila mtu aende mbali kidogo na mwenzake, wala asisimame, kwa sababu juu yetu theluji ilikuwa imelala kwenye miteremko mikali. Alipotuona tumepotoka, alipaza sauti, akarudi mbio, akatushika mkono. Kundi lote likalazimika kusimama mahali pasiposimamwa. Watu wanane waliosema kweli waliwekwa hatarini na mmoja aliyeificha.

Kiongozi akauliza kwa mara ya pili, nasi safari hii tukasema. Sukari yetu tulikuwa nayo, lakini ilikuwa chini kabisa ya mkoba, na vidole vilikataa kufungua. Mashine ya kupimia ikakataa kuwaka kwa baridi. Yule mama tuliyemjibu vibaya alitoa chupa yake ya chai yenye sukari nyingi, akaishika mwenyewe mdomoni petu hadi tukanywa. Wawili wakatushika wakatuvusha polepole hadi penye mwamba uliokuwa salama. Yapata robo saa baadaye, akili zilipoturudia, yule mwalimu alimega mkate wake akatupa nusu. Ndipo tukamkumbuka Eliya aliyelishwa mara mbili, wapendwa, nasi tukalia.

Jioni tulifika. Husemwa kwamba mlango wa nyumba ile haufungwi kwa ufunguo, nasi tuliukuta wazi, na chai ya moto ikatungoja. Baada ya Misa tulimwendea kiongozi kumwomba radhi. Hakutukaripia. Alisema tu: "Baba, kama ungeniambia kule chini, ningeongeza vituo viwili vya kupumzika. Ni hivyo tu." Vituo viwili! Tulikuwa tumekiogopa kitu kilichohitaji vituo viwili tu.

Ndugu wapendwa, wengi wetu twaishi hivyo. Yuko mwanakwaya afichaye dawa zake za shinikizo la damu hata mumewe asizione. Yuko kijana mwenye kifafa ambaye wazazi wake hawakumwambia mwalimu wake. Yuko katekista anayetembea vigango vitatu kwa siku akiwa na kisukari, asimwambie paroko kwa kuhofia kuondolewa katika utume. Na wako walioambiwa kwamba mwenye imani hana haja ya dawa, wakazitupa. Hao tunawaomba kwa machozi wazirudie leo hii. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto aliyepatwa na kisukari kinachohitaji insulini hakuwa na tumaini la kuishi muda mrefu. Mwaka 1921 Frederick Banting na wenzake waliigundua insulini huko Toronto, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akadungwa. Malaika aliyemletea Eliya mkate hakukosa heshima kwa kuwa alileta mkate wa kawaida. Vivyo hivyo dawa ipitayo mikononi mwa watu haikomi kuwa zawadi ya Mungu.

Mtume Paulo hakuuficha mwiba wake wa mwilini. Aliwaandikia Wakorinto habari zake. Alimshauri Timotheo pia kuhusu tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Kanisa nalo, kama mama, lajua kwamba watoto wake wanaumwa. Sheria yatudai tufunge kula kwa saa moja kabla ya Komunyo Takatifu, lakini wazee, wagonjwa na wale wanaowauguza waweza kupokea hata wakiwa wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake inashuka wakati wa Misa ndefu na ale kitu bila hofu, kisha aikaribie meza ya Bwana. Wala kufunga siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu hakumlazimu mtu ambaye kufunga kungemwumiza. Makatekista, wafundisheni waamini mambo haya, maana wapo wanaoanguka kanisani kwa kutoyajua.

Na katika jumuiya ndogo ndogo, ulizeni kama yule kiongozi alivyouliza, kabla safari haijaanza. Ulizeni kwa namna ambayo mtu hataona aibu kujibu. Anayejibu asiondolewe katika kazi. Aongezewe vituo vya kupumzika.

Katika Injili ya leo Bwana wetu ajiita mkate uliotoka mbinguni. Mkate huo hautolewi kwa wazima tu. Wapewa wasafiri, na msafiri aupokeaye lazima kwanza akiri kwamba ana njaa. Eliya aliinuka akala, akaenda. Sisi nasi tuliteremka siku ya pili, insulini ikiwa kifuani, sukari ikiwa mfuko wa nje, na watu wanane wakijua. Tulitembea vizuri kuliko siku ya kwanza.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, mkate wa safari yetu, utuondolee aibu inayotufanya tufe njaa katikati ya ndugu zetu. Uwabariki wote wanaoishi na ugonjwa usiopona, na wale wanaowashika mkono njiani. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.