Taa Imezimika, Je, Injini Imepona?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.



Mada yetu leo ni kompyuta ya gari. Najua kuna watakaouliza, mambo ya gereji yameingiaje kwenye darsa ya mwezi mtukufu? Nivumilieni kidogo, tutafika.

Ndani ya gari za siku hizi mna kiboksi ambacho mafundi wanakiita kompyuta. Kazi yake moja kubwa ni kupima petroli. Ili petroli iungue sawasawa, kila gramu 1 yahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, pesa zako zatoka na moshi. Ikipungua, injini inakosa nguvu.

Kompyuta inajuaje? Kwenye ekzosi kuna sensa ya oksijeni, kifaa kilichotengenezwa na Bosch na kuanza kutumika kwenye magari ya Volvo mwaka 1976. Oksijeni ikibaki nyingi kwenye moshi, kompyuta inaongeza petroli. Ikibaki chache, inapunguza. Ni masahihisho madogo madogo, yasiyokwisha. Sasa ikiona kila siku inaongeza kiasi kile kile, inaandika kwenye kumbukumbu yake kwamba gari hii iko hivi, na kesho inaanzia hapo. Hivyo ndivyo inavyojifunza, na kwa njia hii injini inayozeeka huendelea kwenda vizuri.

Lakini kuna hatari. Tuseme mpira wa hewa umepasuka, na hewa inaingia bila kupimwa. Kompyuta haiwezi kuziba ufa. Inachoweza ni kuongeza petroli na kuzoea. Dereva hahisi kitu, gari inatembea. Ufa unakua, nayo inazidi kuongeza, mpaka ifike kikomo, ambacho katika magari mengi ni kama asilimia 20 hadi 25. Hapo taa ya injini inawaka.

Fundi mwaminifu atautafuta ule mpira. Mwengine atachomoa betri ama atafuta kwa mashine, na taa itazimika. Lakini ufa uko pale pale. Gari ikitembea siku kadhaa, kompyuta inajifunza kasoro ile ile, na taa inarudi.

Na kuna wanaofuta taa asubuhi, jioni wakauza gari. Ndugu zangu, hiyo ni ghushi. Sote twakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono kwenye rundo la chakula akakuta chini kumerowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Taa iliyofutwa ni rundo lile lile. Nawe unayenunua, mwambie fundi wako aisome gari kwa mashine. Kwenye mfumo wa OBD-II, uliolazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, kumbukumbu ikifutwa karibuni mashine huonyesha kwamba majaribio ya ndani hayajakamilika. Huenda ni betri tu iliyobadilishwa, kwa hivyo usimtuhumu mtu. Lakini ni haki yako kuuliza, na ni wajibu wake kusema kweli.

Sasa tuangalie nafsi zetu. Siku ya kwanza kijana anapopitwa na Alfajiri, moyo unamuuma. Siku ya pili unauma kidogo. Baada ya mwezi, kulala mpaka jua litoke kumekuwa ndio kawaida yake. Moyo umeizoea kasoro, naye anaendelea na shughuli zake akidhani hana neno.

Kisha Ramadhan inaingia. Tunaweka kando miraa, tunanyamazisha muziki, msikiti unajaa. Usiku wa Idi, kila kitu kinarudi mahali pake. Je, hatukuwa tumechomoa betri tu?

Maulamaa wametufundisha masharti ya toba: kuiacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutorudia, na kama ni haki ya mtu, kumrudishia. Huko ndiko kuubadilisha mpira wenyewe. Kama kinachokuangusha ni kikao fulani cha usiku, basi kibadilishe kikao. Kama una deni la mtu, mtafute kabla ya Idi.

Baada ya hapo, jihesabu kila usiku, dakika 5 tu kabla ya kulala. Amali ndogo inayodumu yapendeza zaidi kwa Allah kuliko kubwa ya mwezi mmoja. Sahihisha kidogo leo, kidogo kesho, mpaka kheri nayo iwe mazoea.

Allah atutakabalie saumu zetu na atupe istiqama baada ya Ramadhan. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.