Matufaha Sita kwa Watu Tisa

 Leo tuzungumze juu ya chakula kitamu cha zamani, matufaha ya kuokwa, na juu ya wale tunaokula nao.

Kwetu Kericho, Litein, Sotik, Bomet na kote katika nchi yetu ya majani chai, mtufaha si mti wa kawaida. Mvua inayonyesha karibu mwaka mzima huifaa sana michai, lakini aina nyingi za mtufaha hutaka majira ya baridi kali, zilale kwanza, ndipo zichanue vyema. Kwa hiyo matufaha mengi tunayoyaona sokoni yametoka mbali, hasa Afrika Kusini, na bei yake si ya kila siku. Katika nyumba nyingi tufaha limekuwa tunda la mgonjwa. Hununuliwa moja au mawili, yakapelekwa hospitali, nao watoto huyatazama yakipita.

Lakini chakula hiki hakikuenezwa na matajiri. Huko Uingereza siagi na sukari zilianza kugawiwa kwa kipimo Januari 1940, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Akina mama walipokosa mafuta ya kutosha kukanda unga wa kufunika matunda, walinyunyiza chenga za unga juu yake, basi. Uhaba ukawafundisha.

Nasi tufanye hivi. Tutwae matufaha sita. Hata yaliyopondeka kidogo yanafaa, ambayo mama wa sokoni huyapunguza bei. Tukate palipopondeka, yaliyoota ukungu tuyatupe. Tuyamenye, tuyakate vipande vyembamba, tuyaweke katika sufuria pamoja na vijiko vitatu vya sukari, maji kidogo, na mdalasini ukiwapo. Halafu tuchukue unga wa ngano robo kilo, siagi gramu 125 na sukari nusu kikombe. Tuvifikiche kwa ncha za vidole mpaka viwe chenga kama za mkate, kisha tunyunyize juu ya matunda bila kushindilia.

Hatuna haja ya jiko la stima. Tuweke sufuria juu ya makaa machache, tuifunike kwa kifuniko bapa cha bati, na juu ya kifuniko tupange makaa mengi. Moto mwingi uwe juu, mdogo chini. Mlango na dirisha viwe wazi, maana hewa ya makaa huua. Baada ya dakika 40 hivi tufunue. Kwetu mlimani, kwenye mita kama 2,000, maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, kwa hiyo tusishangae matunda yakikawia kulainika.

Sasa tuhesabu. Nyumbani tuko tisa: baba, mama, watoto sita, na kogo asiye na meno. Matufaha sita mabichi yangeleta ugomvi, na kogo asingeweza kuyatafuna. Yakiokwa pamoja, kila mmoja apata bakuli lake, na kogo ala sawa na mjukuu.

Ndugu zetu akina baba, hapa ndipo penye neno. Bonasi ya majani chai inapolipwa, kwa kawaida karibu na Oktoba, wako miongoni mwetu wanaokula nyama ya kuchoma mjini siku tatu, huku nyumbani mkewe, aliyechuma majani yale kwenye umande, anapika ugali na mboga kama jana. Wala si ugali ulio na kosa. Kosa ni kwamba kitamu hakikufika nyumbani. Mtoto hukumbuka kwa muda mrefu ni nani aliyekula bila yeye.

Tumkumbuke yule kijana katika Injili ya Yohana, sura ya 6. Mikate yake mitano ya shayiri na samaki wawili vilikuwa chakula cha mtu mmoja. Alipovitoa, umati ukashiba, na vipande vilivyobaki havikutupwa, bali vilikusanywa vikajaza vikapu kumi na viwili.

Basi, bonasi itakapofika, kabla hatujaketi hotelini, tupitie sokoni kwanza. Tununue matufaha sita, tuyapeleke nyumbani, tuwashe makaa, na tungoje pamoja mpaka yaive.