Uchovu si Uvivu: Maneno Tuliyowaambia Wafanya Kazi wa Bunia

Wengi wenu mmetoka kazini sasa hivi na macho yanataka kulala. Hatutawaweka sana.

Mfanya kazi akisinzia mbele ya mashini huitwa mvivu. Neno hili ni la zamani katika Ituri. Dhahabu ilionekana upande wa Kilo mwaka 1903, na machifu wakatakiwa kutoa vijana wa kwenda kuchimba. Mwaka 1926 kazi ile ikashikwa na kompanyi ya Kilo-Moto. Wazee wetu walipiga sururu, wakasukuma vigari vya mawe, wakala posho ya kupimiwa. Na vijijini wake zao walilima chakula cha kulisha migodi. Aliyechoka aliitwa mvivu, na saa alizofanya hazikuhesabiwa.

Mabwana wale waliacha utawala tarehe 30 Juni 1960. Neno lao limebaki, na siku hizi tunalisikia vinywani mwa watu wa rangi yetu.

Mmoja wetu alifanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate humu mjini. Jina la kiwanda hatulitaji. Aliingia magharibi, akatoka jua limekwisha panda, siku sita kwa juma, na ya saba pia kama mwenzake ni mgonjwa. (Asiyelijua joto la tanuri akae karibu nalo saa moja tu.) Alfajiri moja mashini ya kukandia unga ilimshika mkono, vidole viwili vikaenda. Tajiri akasema: uzembe. Kapita, ambaye naye alikuwa hajalala, akaitikia ndiyo. Tulipohesabu pamoja na mgonjwa wetu, tuliona juma lile alikuwa amepita saa 70.

Sasa sikieni. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yasema kazi isizidi saa 9 kwa siku wala 45 kwa juma, na zinazozidi zilipwe zaidi. Haikusema tajiri akipenda. Mataifa yalipatana juu ya saa 8 za kiwandani tangu 1919.

Mtatuambia: nikidai nitafukuzwa, na mlangoni vijana kumi wanangoja nafasi yangu. Ni kweli, hatuwadanganyi. Tangu 2017 vita vya Djugu vimewaleta wengi mjini, na mwenye njaa hakatai mshahara mdogo. Tajiri anajua hayo kuliko sisi. Basi mtu asiende peke yake. Kila zamu iwe na daftari: saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani aliumia. Mwisho wa mwezi wajumbe wenu walipeleke kwa inspekta wa kazi, wote pamoja, mchana.

Daftari la kwanza liko hapa mezani. Wa zamu ya usiku waandike kwanza, wapate kwenda kulala.