HOTUBA YA MWENYEKITI: MIKONO YETU NDIYO MTAJI



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka 10. Habari za hisa, mikopo na faida atazisoma Mweka Hazina wetu, na yeye anazijua kuliko mimi. Mimi nimeomba nizungumzie mikono.

Msicheke akina mama. Hisa zinazoingia kwenye sanduku letu zinatoka mikononi. Huyu anashona, yule anasuka ukili, mwingine anakanda unga wa maandazi tangu saa kumi ya alfajiri, mwingine anagonga kokoto. Sasa mkono ukigoma, marejesho yatatoka wapi?

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alichelewesha marejesho miezi mitatu mfululizo. Maneno yaliyosemwa bombani mnayajua, sina haja ya kuyarudia. Kumbe mama wa watu usiku halali. Mkono unakufa ganzi, unawaka moto, anaamka anaukung'uta ndipo anapata nafuu. Mchana mkasi unamponyoka. Alipokwenda hospitali akaambiwa ni mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Hakuwa mvivu wala hakurogwa.

Nilimwomba muuguzi atueleze, naye alieleza vizuri. Pale tunapovalia bangili pana njia nyembamba, chini yake mifupa, juu yake utepe mgumu. Ndani ya njia hiyo zinapita kano 9 za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba, mshipa ndio unaoumia maana hauna pa kukimbilia. Ganzi huingia dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole kidogo hakimo, kina mshipa wake mwingine. Kwa hiyo ukienda kwa daktari mtajie vidole gani, usiseme tu "mkono unauma".

Sasa nani yuko hatarini? Kwa upande wa kazi, ni ile ya kushika kwa nguvu na kurudia jambo lile lile kutwa nzima huku kifundo kimepinda. Hebu jitazame unavyokamua shuka la maji, unavyokuna nazi juu ya mbuzi, unavyokata kitambaa kizito kwa mkasi butu. Mtetemo nao ni mbaya, kama wa mashine za kukatia mbao na kuparulia vyuma. Waambieni na vijana wetu wa gereji. Kuhusu kuandika kwa kompyuta, wataalamu bado wanabishana, kwa hiyo makatibu msije mkatafuta ruhusa kwangu.

Lakini si kazi peke yake. Wanawake tunapata zaidi kuliko wanaume, hasa kuanzia miaka 40 hadi 60, yaani wengi wetu tuliokaa hapa. Mjamzito anaweza kupata kwa sababu mwili unajaa maji, na mara nyingi humwisha baada ya kujifungua. Wengine ni wenye kisukari, wenye baridi yabisi, ambao tezi la shingo limelegea kazi, wanene, waliowahi kuvunjika kifundo, na ambao ndugu zao wanao. Ndiyo maana watu wawili wanashona duka moja, mmoja anaumwa, mwingine mzima. Ukiona ganzi hii, omba upimwe sukari pia.

Dawa yake ya kwanza ni nyepesi: kulala kifundo kikiwa kimenyooshwa kwa kifaa maalumu, na kupumzisha mkono kazini. Ikishindikana ipo sindano, na upo upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe. Kuchua kwa mafuta kunaburudisha tu. Vidonge vya maumivu vya dukani kila siku vinaweza kukuharibia tumbo na figo. Usingoje mpaka nyama ya chini ya dole gumba ibonyee, kwani hapo mshipa umeshaumia sana. Na ganzi ikija ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda, hiyo ni kiharusi; nenda hospitali saa ile ile.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ombi langu liko kwa wanachama wenyewe. Mfuko wetu wa jamii unatoa kwa msiba na uzazi. Naomba mkutano mkuu ujao ujadili kuongeza matibabu ya mikono, na mwanachama mwenye cheti cha daktari asogezewe marejesho bila faini. Najua wapo watakaosema watu watajisingizia. Cheti kitaletwa mbele ya kamati, tutakisoma. Na mashona nguo wetu, mkasi ukiwa butu uleteni, mume wa Katibu ananoa na ameahidi kutunolea bure mwezi huu mzima.

Namkaribisha Mweka Hazina.